Tatu Nukta Nne Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Leo naanza kuandika. Mtu mkubwa akifa bila maandishi yake, watu humzushia. Na mimi ni mkubwa — mji mzima unakunywa maji kwa ruhusa yangu. Nikisema funga, watu watanawa kwa mate. Miaka ishirini na mbili kwenye chumba cha pampu, na bwawa hili halijanitoroka hata tone.

Daftari ni lile kubwa la zamani la stoo. Kalamu ni nene, ya kuandikia maboksi, na herufi nazikuza. Ndivyo wanavyoandika wenye mamlaka: ukurasa mzima, maneno machache.

Habari ya leo: mpwa wangu, binti wa dada yangu, ndiye aliyepewa kazi ya kuandika upya programu ya kuangalia maji. Nani alimpendekeza? Injinia anasema binti aliwashinda wenzake kwenye usaili. Sawa. Lakini nani alimfundisha kuhesabu kwa vifuniko vya soda akiwa na miaka minne?

Kazi yenyewe haina ugumu. Sanduku la kupimia limezama majini, linatuma habari kwenye kompyuta humu chumbani. Maji yakifika mita tano, kompyuta inapiga honi na kufungua mlango wa chini kwa mota. Mfereji wa maji ya ziada ulizibwa kwa mifuko ya mchanga tangu mwaka jana, unangoja ukarabati. Kwa hiyo njia ya kutokea ni moja tu. Chini ya tuta la bwawa kuna mtaa, dada yangu anakaa nyumba ya tatu. Juu ya tuta niko mimi. Walale tu.

Jumatano, 5 Machi

Mpwa alikuja asubuhi na laptopu iliyojaa vibandiko kama sanduku la msafiri. Akaniamkia, shikamoo Mjomba, nikaitikia kwa sauti ya cheo ili mlinzi wa geti asikie. Mlinzi huyo ananiita Profesa. Wivu.

Binti anaandika kwa lugha ya funksheni. Nikamwambia naijua. Akacheka, akanieleza hivyo hivyo. Kila funksheni, yaani kipande cha programu unachokiuliza swali kikakupa jibu, ikiwa safi ni kama jedwali la kuzidisha: mbili mara tatu ni sita leo, ni sita kesho, ni sita hata mvua ya mawe ikinyesha. Basi lugha yake imejifunza kutojisumbua. Ukiiuliza swali lile lile mara mia, inapiga hesabu mara moja, zile tisini na tisa inakujibu kwa kumbukumbu. Nikamwambia hata mimi ndivyo nilivyo.

Tabu ni kwamba sanduku la majini linaelewa C peke yake, lugha nyingine ya kompyuta. Maktaba ya C ya sanduku hilo — nilipoisikia maktaba nikatazama rafu, kumbe ni fungu la funksheni zilizokwisha kupikwa, unaziita kwa majina zinaitika — aliiandika Mzee Sifuri, fundi wetu wa zamani. Tulimwita hivyo kwa sababu alihesabu kila kitu kuanzia sifuri, hata vikombe vya chai. Chakula kimebaki, mpishi kaburini miaka sita sasa. Mapishi yako kwenye karatasi tu, ndani ya kabati langu, wino umepauka.

Nikamweleza mpwa kwamba maktaba ile tuliiandika pamoja, Mzee Sifuri mikono na mimi kichwa. (Nilimshikia tochi siku umeme ulipokatika. Bila tochi angeandika nini?)

Akanitazama kwa heshima. Halafu akasema neno ambalo limekaa kifuani mpaka sasa:

"Lugha yangu haiwezi kuchungulia ndani ya C, Mjomba. Inaamini ninachoiandikia pale mpakani zinapokutana. Nikiiandikia uongo, itauamini mpaka mwisho."

Sikupenda ule mwisho.

Ijumaa, 7 Machi

Simu kutoka kwa mpwa. Ana swali moja, na jibu liko kabatini kwangu.

Ziko funksheni mbili za C. Ya kwanza inaitwa soma: inakwenda majini, inarudi na tiketi yenye habari. Ya pili inaitwa kiwango: unaipa tiketi, inakupa mita. Sasa, je, soma inatengeneza tiketi mpya kila safari? Kama ni mpya, kiwango anaiandika kuwa safi na mambo ni matamu — tiketi mpya, jibu jipya. Lakini kama tiketi ni ile ile moja, inafutwa ndani na kuandikwa upya, basi ni hatari. Lugha yake itaona tiketi ile ile, itasema swali hili nimeshalijibu, itatoa jibu la jana. Na la juzi.

Akaniomba nifungue kabati, nitafute ukurasa wa kiwango, nimpigie picha.

Nikafungua. Karatasi mafungu mawili, herufi ndogo kama mayai ya chawa, na ukungu wa bwawa umeingia mpaka chumbani. Nikakaa nazo kidogo. Nikampigia: tiketi ni mpya, kila mara mpya. Mzee Sifuri hakuwa mtu wa kurudia karatasi, alikuwa mkarimu yule. Akauliza picha iko wapi. Nikamwambia mtu aliyeiandika mwenyewe hahitaji picha, naijua kwa moyo.

Akashukuru sana. Alisema nimemwokolea siku mbili.

Jumatatu, 10 Machi

Programu imewekwa kwenye kompyuta leo, kwa haraka, mpwa alikuwa na safari ya jioni. Nzuri kupita kiasi! Nilimwambia azifanye namba za kwenye skrini kuwa kubwa, wageni wakija wasisumbuke. Akazikuza, kila moja kama kiganja changu. Akaniuliza zinatosha, nikamwambia ongeza kidogo kwa ajili ya wageni. Akanitazama. Akaongeza.

Tuliijaribu. Umeme ulikatika mara tatu kama kawaida yake, na kila ulipokatika kompyuta ilizima, ikawaka, ikaja na namba mpya. 3.18. Baadaye 3.31. Jioni 3.38. Injinia alipitia akashika kiuno na kusema hii ndiyo kazi. Nikamwambia damu yangu hiyo.

Kabla ya kuondoka mpwa alinisisitiza jambo moja. Kila asubuhi niende kwenye nguzo ya vipimo, ile iliyo nyuma ya chumba cha pampu, mwisho wa kijia cha vyuma. Imepakwa nyeupe mpaka mita tano, kuanzia hapo juu nyekundu. Niisome kwa macho, niandike kwenye fomu pembeni ya namba ya skrini. Zikiachana, nimpigie. Macho ya mtu na macho ya mashine, kasema, yashitakiane.

Nikamwambia nina macho ya tai. Siku moja niliona kucha ya konokono kutoka ng'ambo ya bwawa. Akasema konokono hana kucha. Nikamwambia ndiyo maana nilishangaa.

Jumanne, 11 Machi

Siku ya ushindi. Yale mabetri niliyoyapigia kelele miaka mitano yameletwa leo. Manne, mazito kama maiti. Mafundi wameyafunga: umeme ukatike usikatike, kompyuta haizimi. Mimi ndiye nimebonyeza swichi, Injinia akapiga picha.

Namba: 3.42.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua tangu Jumatano, huko juu vilimani ndiko inakotoka hasa. Umeme umekatika mara sita, mashine haijapepesa.

Skrini 3.42. Nguzo 3.42. Fomu nimeijaza zote mbili.

Mke wangu kaanza tena wimbo wake wa daktari wa macho, kisa nilimwaga chai pembeni ya kikombe. Nikamwambia kikombe kilisogea.

Jumatano, 19 Machi

3.42. Siku nane! Bwawa la wenzetu huko chini linapanda na kushuka kama pumzi ya mgonjwa. Langu limetulia kama limeambiwa. Nimempigia Injinia nikamweleza siri: maji yanamjua bwana wake. Akasema labda matumizi ya mjini yamelingana na mvua. Labda. Lakini akaomba nihakikishe nguzo. Nikamwambia nimetoka huko sasa hivi.

Mlinzi ananiuliza mbona siku hizi simpiti nikienda kwenye kijia cha vyuma. Nikamwambia napita mapema, wakati yeye anaota. Nikalalamikia ukungu, unaziba kila kitu, hata saa sita mchana.

Akaangalia bwawa. Akaniangalia mimi. Akauliza ukungu gani.

Ijumaa, 21 Machi

Vyura. Wamepanda tuta, wamekaa mlangoni kwangu wameelekea nje, kama watu wanaongoja lori. Miaka ishirini na mbili sijawahi kuona chura akilikimbia bwawa. Nimewafagia. Wamerudi.

3.42. 3.42.

Jumatatu, 24 Machi

Siku kumi na tatu mashine haijazima hata sekunde. Nimechora kijiti kwa kila siku ukutani kwa chokaa. Rekodi hii haipo popote duniani, nina hakika.

Dada yangu alipanda mwenyewe kuniletea chakula, jambo asilofanya na magoti yake yale. Anasema sakafu ya jiko lake inatoka jasho. Amefuta mara tatu, linarudi. Na choo cha shimo cha jirani kimejaa maji masafi, si uchafu — maji. Nikamwambia ni mvua, ardhi ikishiba hutoa jasho kama mtu. Akasaga meno. Tangu utoto akiyasaga hivyo najua haniamini.

Alipokuwa anaondoka akauliza, mdogo wangu, juu huku kuko salama? Nikamwonyesha skrini. Namba ile kubwa, nyekundu, nzuri. Akasema kama mwanangu ndiye ameiandika, basi. Akashuka zake, anashikilia ukuta.

Sikutaja nguzo. Hakuuliza.

Alhamisi, 27 Machi

Mlinzi alipita na mwavuli, kwa mzaha wake ule ule. Eti Profesa, ile nguzo yenu mmeipunguza? Mwezi uliopita ilikuwa ndefu.

Nikamwambia vitu vikikaa majini huonekana vifupi, ni sayansi, inaitwa kupinda kwa mwanga. Akasema ahaa. Lakini hakucheka, na huyo hucheka hata msibani.

Nikakaa. Nikafikiri kwenda kuangalia. Nikaona kwenda kuangalia ni kuwapa watu maneno, Profesa leo kashtuka. Na ukungu huu, ningeona nini?

Sauti imebadilika. Zamani ukiweka sikio kwenye sakafu unasikia maji yanagonga ukuta huko chini, mbali. Leo sikuhitaji kuweka sikio.

3.42.

Jumamosi, 29 Machi

Mpwa alipiga saa tatu asubuhi. Mama yake kamweleza habari za sakafu. Akauliza skrini inasema ngapi. Nikamwambia kwa fahari: tatu nukta nne mbili, siku ya kumi na nane, haijasogea hata nukta.

Akauliza polepole, haijasogea hata nukta, Mjomba, mvua yote hii? Nikamwambia nimelidhibiti. Akauliza nguzo. Nikamwambia ile ile. Akauliza umeisoma leo? Nikamwambia mimi ni mtu wa kukosa kusoma?

Akavuta pumzi. Nikasikia kabisa anatulia. Akasema basi kama nguzo na skrini vinakubaliana, labda ni chemchemi tu chini ya mtaa, ataieleza ofisi Jumatatu. Neno langu ndilo lililomtuliza. Nilifurahi. Halafu sikufurahi, sijui kwa nini.

Kabla ya kukata akasema, hata hivyo, ile picha ya ukurasa wa kiwango nimtumie kesho. Kwa amani yake tu.

Jumapili, 30 Machi

Naandika haraka.

Saa nne nilimwita mlinzi nikamwambia kamera ya simu yangu ina vumbi, apige yeye ile picha. Nikampa mafungu yote mawili. Sikuwa nimemaliza kumwelekeza akawa ameshaupata ukurasa — jina kiwango limeandikwa juu kabisa, wazi. Pembeni pana maneno ya mwandiko wa mkono. Mwandiko wa Mzee Sifuri. Mlinzi akayasoma taratibu, kama anayesoma barua ya msiba:

"Tiketi ni moja tu, haitengenezwi nyingine. Soma anafuta na kuandika juu yake. Kiwango aulizwe upya kila mara."

Kila mara. Mlinzi akauliza maana yake nini, Profesa. Nikamwambia mambo ya kitaalamu. Nikamtuma ashuke kwa dada yangu akaangalie ile sakafu. Geti nikaliacha bila mtu, mara ya kwanza maishani.

Picha ilikuwa imeshakwenda. Simu ikalia mlinzi hajafika hata kwenye ngazi.

Mpwa hakuniamkia. Alisema ile namba ni ya tarehe kumi na moja. Siku nilipobonyeza swichi ya mabetri, programu iliuliza mara moja, ikakumbuka. Zamani umeme ukikatika ilikuwa inaanza upya, inauliza upya. Mabetri yangu ndiyo yameifanya isiulize tena. Siku kumi na tisa inatuonyesha kumbukumbu. Honi haiwezi kulia, mlango hauwezi kufunguka, kwa sababu kwake yeye maji hayajapanda.

Halafu akasema kitu kama anaongea peke yake: lakini nguzo inakubali. Nguzo inakubali vipi?

Nikaifunika fomu kwa daftari.

Akaniambia nizime, niwashe. Ilinibidi nichomoe nyaya za mabetri yangu mwenyewe kwa koleo. Skrini ikafa. Ikawaka. Lakini namba kubwa hazikuja. Imekuja skrini nyeusi yenye maandishi meupe, madogo, mstari chini ya mstari, halafu ikasimama inasubiri kitu. Mpwa akauliza imeandika nini. Nikamwambia inapakia. Akauliza imeandika hivyo, neno kwa neno? Nikamwambia ndiyo.

Tukangoja. Haikupakia.

Ndipo akasema basi niende kwenye nguzo, simu isikatwe. Alisema taratibu, kama anavyomsemesha mama yake akiumwa:

"Kama maji hayajafika tano, usiguse gurudumu la mkono la kufungulia mlango wa chini, ukifungua bure utaupiga mtaa kwa maji ambayo hayana haja ya kushuka. Kama yamepita tano, piga honi kwanza, mama na wenzake wapande, ndipo ufungue. Nataka namba, Mjomba. Ya macho yako."

Nikaenda. Kijia cha vyuma zamani kilikuwa juu ya maji kimo cha mtu. Leo viatu vimelowa. Nikashika ukingo, nikafika mwisho, nguzo hatua nne mbele yangu. Nikasimama. Nikafuta macho kwa shati. Nikafumba jicho moja, nikafumba la pili. Nikarudi.

Sasa nimekaa chumbani. Simu iko mezani, nimeiwekea sauti ya nje. Vyura wamenyamaza wote. Naandika kwanza, nimemwambia natafuta kalamu. Anauliza mara ya tatu, Mjomba, nguzo inasema ngapi?

Nimefikiria kumtajia namba. Ninazo nyingi. Nne na nusu ni namba nzuri, haimtishi mtu.

Ukungu hakuna. Haujawahi kuwepo. Fomu zote hizo, upande wa nguzo, nilinakili skrini, kwa sababu skrini ndiyo ninayoiona. Zile karatasi sikuzisoma hata mstari. Namba za nguzo sizioni tangu mwaka juzi, hata nikiikumbatia.

Rangi naiona.

Nilitafuta nyeupe juu ya maji. Nyekundu tupu.